Filta ya mikroni 2 mahali pasipo pake: uzoefu wangu na Racor 500FG kwenye boti

Niliamini kwamba filta inayochuja laini kuliko zote ndiyo bora kuliko zote. Kwa hiyo nilipofunga Racor 500FG, chombo cha kuchuja dizeli na kutenga maji, kati ya tangi na injini, ndani yake niliweka karatasi ya kuchujia ya mikroni 2 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), moyo ukiwa mweupe kabisa kwamba nozeli zangu, zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zimepata ulinzi.

Wiki tatu baadaye tukiwa nje ya ghuba, mawimbi yakipiga ubavuni, injini ikaanza kupanda na kushuka yenyewe. Nikipunguza mafuta inatulia, nikiongeza inakosa nguvu. Mawimbi yalikuwa yamekoroga tope lililolala tangini kwa miaka, likaja lote kuganda kwenye karatasi ile. Kubadilisha filta huku boti ikiyumba na dizeli ikimwagika kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, simwombei mtu yeyote.

Filta haikuwa na kosa, nilikosea kuchagua. Filta ya kwanza, yaani hiyo Racor, iko upande ambao pampu hunyonya dizeli. Karatasi ikiwa finyu mno, huziba mapema, pampu inavuta kwa shida, na penye kiungo kilicholegea hewa inapenya. Kazi yake ni kutenga maji na kukamata taka kubwa. Kuchuja kwa mwisho ni kazi ya filta ya pili, iliyofungwa kwenye injini yenyewe, na hiyo naiacha kama mtengenezaji wa injini alivyoagiza. Sasa kwenye Racor natumia ya mikroni 10, ile ya bluu (ya 2 ni ya kahawia, ya 30 ni nyekundu). Mwenye tangi kuukuu ningemshauri aanze na ya 30 mpaka tangi lisafishwe.

Ukubwa wa filta nao usiupime kwa mafuta yanayochomwa. Injini nyingi za dizeli huvuta zaidi ya zinachochoma, na kinachobaki hurudi tangini. 500FG hupitisha hadi lita 227 kwa saa. Ulinganishe na pampu yako.

Ninachokipenda kuliko vyote ni bakuli lake linaloonyesha ndani. Kila asubuhi kabla ya kuwasha namulika tochi: maji yakionekana chini, nafungua koki yatoke. Maji hutia kutu nozeli na pampu, na pale yanapokutana na dizeli ndipo vijidudu huzaliana na kuacha ute mweusi. Ukiuona ute huo, shida iko tangini. Kubadilisha filta peke yake hakutakusaidia. Kwa chumba cha injini chukua toleo la baharini, lenye ngao ya chuma chini ya bakuli, kwa sababu ya moto.

Niliongeza geji ya utupu, inayoonyesha pampu inavuta kwa shida kiasi gani kupitia filta. Filta ikiwa mpya, naendesha kwa kasi kubwa na kuandika sindano iliposimama. Ikianza kupanda juu ya hapo, naibadilisha nikiwa bado bandarini.

Pima nafasi ya juu kabla ya kutoboa ukuta, maana filta hutolewa kwa juu; mimi nililazimika kuhamisha yangu. Sili ya mfuniko weka mpya kila mara, uipake dizeli kwanza. Na filta ya pili usiijaze kwa dizeli ya kopo, kwani itaingia bila kuchujwa. Tumia pampu ya mkono hadi hewa yote itoke.

Sasa natafuta nafasi ya kufunga nyingine sambamba, na vali ya kugeuzia katikati, ili moja ikiziba nihamie ya pili bila kuzima injini.