Sensa ya kwatzi ya kupima presha ya chemba: iko vizuri, ila kebo iangalieni

Kwa kazi ya kupima presha ndani ya chemba ya bunduki risasi ikifyatuliwa, hii sensa ya kwatzi (fuwele inayotoa chaji ya umeme ikibanwa) imeiacha mbali ile njia ya zamani ya kipande cha shaba kinachobonyea, maana shaba inakupa namba moja tu ya kilele na mara nyingi inasoma chini ya presha halisi, haiwahi kubonyea yote ndani ya zile milisekunde chache, wakati hii inakuchorea grafu nzima toka baruti inashika moto mpaka risasi inatoka. Nimeipenda sana.

Shida iko kwenye kebo jamani. Chaji inayotoka ni ndogo mno, inahesabiwa kwa pikokulombi (kipimo kidogo sana cha chaji ya umeme), yaani ukishika plagi na vidole vyenye jasho tu ule unyevu unavujisha chaji na mstari wa sifuri unaanza kuhama taratibu, kwa hiyo safisha, kausha, na ukichomoa tu rudisha kifuniko chake. Halafu kwenye uso wa sensa paka grisi ya silikoni, bila hivyo joto la mlipuko linaharibu usomaji.

Cheti cha kalibresheni (cha kuonyesha sensa imehakikiwa usomaji wake) nilicholetewa kina nukta za presha ya juu tu, za chini hakuna, hapo nimewanyima nyota moja.