Nimemaliza The Witching Hour: ukoo unaorithishana jini

Kitabu hiki nimekaa nacho wiki tano. Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, shilingi 8,000, karatasi zimeshageuka rangi ya chai na gundi ya mgongoni imeachia, hata nilipofika katikati ilibidi nikifunge mpira ili kisinimwagike. Ni kurasa karibu elfu moja, herufi ndogo. Sikuwahi kumsoma Anne Rice kabla ya hapo. Nilijua tu kwamba alikuwa mwanamke wa New Orleans, Marekani, aliyepata jina kwa riwaya za wanyonya damu, na kwamba alifariki mwaka 2021. Hiki cha wachawi alikitoa mwaka 1990, na ndicho cha kwanza kati ya vitatu.

Kinaanzia barazani. Nyumba kuukuu ya mtaa wa First Street, rangi imebabuka, bustani imegeuka kichaka, mimea imetambaa hadi kwenye nguzo. Hapo anakaa Deirdre Mayfair, kimya, macho hayamtazami mtu, shingoni amevaa mkufu wa zumaridi. Anachomwa sindano za Thorazine, dawa ya wagonjwa wa akili, kwa amri ya Carlotta, dada wa bibi yake. Daktari kijana anaona dozi ni kubwa mno, anataka kuipunguza, Carlotta hataki kusikia. Kisha daktari huyo anaanza kumwona mwanamume nadhifu, mweupe, amesimama karibu na mgonjwa, mtu ambaye hakuna mwenyeji anayemtaja.

Hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Mimi ni mtu wa Pangani. Bibi mzaa mama alikuwa mganga wa pepo, na mikoba yake ilikuwa imwendee mama yangu mdogo. Hakuitaka. Alipoanza kuumwa, upande mmoja wa familia ukasema amekataa kuwa kiti cha pepo na sasa wanamdai. Upande mwingine ukampeleka hospitali, akarudi na klopromazini, ambayo ndiyo hiyohiyo Thorazine kwa jina la biashara. Kila likizo nilimkuta barazani, ulimi mzito, mikono inatetemeka. Wageni walikuwa wakifika wanamsalimia mama, wanawasalimia watoto, yeye wanampita. Basi nilipokutana na Deirdre sikuhitaji kuelezwa nyumba ile ikoje ndani.

Wengi wanaokisifia kitabu hiki humtaja Rowan, na ni haki yake. Rowan ni binti wa Deirdre, alichukuliwa siku aliyozaliwa na kupelekwa California, akalelewa na ndugu aliyeapishwa kwamba mtoto hatarudi New Orleans. Amekua daktari wa upasuaji wa ubongo, ana boti yake, hajui chochote kuhusu ukoo wake. Siku moja anamwopoa baharini Michael Curry, fundi wa kukarabati nyumba za zamani, mtu aliyezama na kufa kabisa kisha akafufuka. Tangu hapo Michael akigusa kitu anaona habari za waliokigusa, ikambidi avae glovu mchana na usiku. Mapenzi yao yanaanza haraka kuliko nilivyoweza kuyaamini, lakini Michael mwenyewe nilimpenda: mtoto wa zimamoto, wa mtaa wa walalahoi, aliyekuwa akipita mbele ya nyumba ile utotoni akiitamani.

Yule mwanamume wa barazani anaitwa Lasher. Kwa lugha yetu ni jini wa ukoo: anapita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, vizazi 13, pamoja na mkufu na mali isiyohesabika. Na kuna sharti: mrithi lazima abaki na jina la Mayfair, hata akiolewa. Hapo Anne Rice amenishika kweli. Jini huyu hapigi kelele wala haangushi masufuria. Anabembeleza. Anamtajirisha anayemkubali, na kila anayejaribu kujitoa anaishia vibaya, mara nyingi kwa mkono wa ndugu yake mwenyewe. Stella, bibi yake Deirdre, alipigwa risasi mwaka 1929 na kaka yake. Binti yake Antha, mama wa Deirdre, alianguka kutoka juu ya nyumba mwaka 1941, na Carlotta alikuwepo. Huyu Carlotta ndiye mtu aliyeandikwa vizuri kuliko wote, naona. Anamzima Deirdre kwa sindano huku akiamini anaukomboa ukoo, kwamba mnyororo ukikatikia kwa huyu mmoja waliobaki watapona. Nilimchukia kurasa mia tano, halafu akasema maneno yake mbele ya Rowan, nikawakumbuka watu wazima wa kwetu waliofanya maamuzi juu ya mama mdogo, nao walikuwa wakimpenda.

Katikati ya kitabu kuna faili. Kuna chama cha siri cha wanazuoni, Talamasca, ambacho kimeufuatilia ukoo huu tangu karne ya 17, na tunapewa kumbukumbu zao zote: barua, shuhuda, uvumi wa majirani. Ni mamia ya kurasa. Najua kuna waliokata tamaa hapo. Mimi nasema msiruke, kwa kuwa ndipo kitabu kilipo. Wa kwanza wa ukoo ni Suzanne, mkunga na mganga wa kijiji cha Donnelaith huko Uskoti, mwanamke asiye na elimu, na habari za kuita pepo alizipata kwa mwindaji wa wachawi mwenyewe. Akamwita, akaitikiwa, akachomwa moto, bintiye mdogo anatazama. Neno la Kiingereza analoitwa, witch, huwa tunalitafsiri mchawi, nami sikuridhika nalo hata kidogo. Kwetu mchawi ni mwenye kuroga, na mwanamke yule alikuwa akizalisha wajawazito na kuchemsha dawa. Nimekua nikisikia habari za vikongwe waliouawa kule Usukumani kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowiva kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Kurasa za Donnelaith nilizisoma polepole.

Sasa lawama zangu. Utajiri wa ukoo huu unaanzia shambani, Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, kisha Louisiana, na waliolima ni watumwa. Mwandishi anajua na anataja, lakini kati ya sauti zote zilizomo kwenye faili lile hakuna hata moja ya mtumwa inayopewa nafasi ya kutosha. Pangani palikuwa bandari ya watumwa. Kwangu mimi hilo ni pengo kubwa, si la kupita. Ndani ya ukoo kuna pia maingiliano ya damu kwa damu, baba na binti, na kurasa za kitandani zisizo na kificho, kwa hiyo usimpe mtoto wa sekondari. Na mwisho umenikasirisha. Baada ya kulishwa vizazi 13 kwa kijiko, uamuzi mkubwa wa Rowan unapita mbio, na aliyebaki anaachwa anasubiri. Inabidi ukitafute cha pili, Lasher, cha mwaka 1993.

Ukipenda hadithi inayokwenda moja kwa moja, hiki kitakuchosha. Ukipenda nyumba, kipo kwa ajili yako: milango, ngazi, dari, harufu ya unyevu, mvua ya New Orleans inavyopiga juu ya majani. Nyumba yenyewe ni ya kweli, ilijengwa 1857, na Anne Rice aliinunua mwaka 1989 akaishi humo. Inaonekana katika uandishi. Hakuna mlango anaoutaja bila kuwa ameushika. Nakipa nyota nne kati ya tano.

Kuna kipande cha faili ninachorudi kukisoma. Ni Deirdre akiwa msichana wa shule ya masista, kabla ya sindano, anazungumza bustanini na asiyeonekana, na maua yanaruka hewani kumjia mikononi. Nilikuwa nimeshamzoea kimya kiasi kwamba sauti yake ilinishtua. Usiku ule nilimpigia mama simu nikamuuliza mama mdogo alikuwaje utotoni. Ninavyojua mimi, hakuna aliyewahi kuuliza. Mama alinyamaza kidogo, kisha akaongea mpaka salio langu likaisha: kwamba alikuwa mwepesi wa kusuka ukili kuliko wote nyumbani, na kwamba akisuka alikuwa anaimba kwa sauti mpaka wavuvi wa ng'ambo ya mto wanamjibu.