Binti yangu na farasi wa Leicestershire: tulicholipia na tulichopata

Nikitakiwa kutoa nyota, natoa nne kati ya tano, na ile ya tano nimeizuia kwa sababu nitakazozitaja. Huduma yenyewe ni ya kujifunza na kutulizwa moyo kwa msaada wa farasi, kwenye shamba moja nje ya Leicester, Uingereza. Jina la shamba nalihifadhi. Naandika kwa sababu akina mama wenzangu wa Afrika Mashariki tulio huku huulizana swali hili kila mara: "Shule imenipendekezea mtoto aende kwa farasi, wananifanyia mzaha?" Si mzaha. Ila pia si yale yaliyoandikwa kwenye vipeperushi vyao.

Binti yangu ana miaka 13. Tangu bibi yake afariki Lamu, nasi tukashindwa kusafiri kwenda kuzika, asubuhi za shule ziligeuka vita. Mara tumbo linauma, mara kichwa, mara miguu haimbebi. Darasani akaacha kusema kabisa. Nyumbani aliongea na mimi na kaka yake, lakini mlango ukigongwa tu, amekwisha. Daktari akamwandikia rufaa kwenda huduma ya afya ya akili ya watoto, ile wanayoiita CAMHS, na mwenye mtoto humu nchini anaijua foleni yake. Tulipokuwa tunangoja, mwalimu anayeshughulikia wanafunzi wenye mahitaji maalumu akaleta habari ya farasi. Shule ililipa muhula wa kwanza. Baada ya hapo nililipa mwenyewe, pauni 55 kwa saa moja. Kwa mtu wa kazi za nyumba ya wazee kama mimi, hizo ni saa tano hivi za jasho.

Mimi ni mtu wa Lamu. Nimekua nikipishana na punda vichochoroni, wamebeba mchanga, boriti na magunia ya saruji, na haikunipitikia kwamba mnyama angeweza kumfaa mtoto mwenye majonzi. Farasi ndiyo kabisa. Nilimjua kwa Suratul Aadiyat, na kwa ile hadithi ya Mtume aliyopenda kuitaja babangu, kwamba kheri imefungwa kwenye singa za farasi mpaka siku ya Kiyama. Nilipompigia kaka yangu simu kumweleza, alicheka. "Dada, mtoto ana huzuni, wewe wampeleka bandani?"

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: mtoto hapandi. Angalau si kwa miezi ya mwanzo, na wengine hawapandi kamwe. Watu huchanganya mambo matatu hapa. Kuna tiba ya viungo, ambapo mtaalamu wa fiziotherapia humkalisha mtoto mgongoni mwa farasi ili ule mwendo ufanyishe kazi kiuno na uti wa mgongo. Kuna kupanda farasi kwa watu wenye ulemavu, kazi inayofanywa na vikundi vya hisani vya Riding for the Disabled Association tangu 1969. Mfano uliowatia moyo wengi katika uwanja huo ni Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza miguu chini ya magoti kwa ugonjwa wa polio, akawa anasaidiwa kupanda na kushuka, na bado akachukua medali ya fedha ya Olimpiki mjini Helsinki mwaka 1952. Halafu kuna hii yetu, ambayo yote hufanyika mtoto akiwa amesimama ardhini. Anampiga farasi brashi, anamsafisha kwato, anamwongoza kwa kamba, anamwekea nyasi kavu, anazoa mavi.

Alipewa farasi jike mtu mzima, Bramble, mnene, mwenye manyoya marefu yanayofunika kwato, uzito wake karibu kilo 500. Wiki za mwanzo nilikaa ndani ya gari, kama walivyotaka, nikitazama kwa mbali. Hakuna kilichotokea. Mtoto anapiga brashi, farasi anatafuna. Nami nahesabu pauni zangu.

Kisha siku moja mwezeshaji, yule mama anayeongoza vipindi, alikuwa akimpiga Bramble brashi ubavu wa pili, akateremka mpaka tumboni. Bramble akalaza masikio nyuma na kutikisa mkia. Binti yangu akasema, kwa sauti ya kusikika, "Hapendi hapo. Acha." Yule mama akaacha, akamuuliza amejuaje, na mtoto akamweleza habari ya masikio, ya mkia, ya ngozi inavyotetemeka. Niliposimuliwa hayo pale getini nilidhani nimesikia vibaya. Kwa miezi hakuwa amemwambia mgeni hata "asante".

Hapo ndipo nilipoona kazi yenyewe. Sote tuliomzunguka, mimi, mwalimu, daktari, tulikuwa tukimtaka ajisemee. Unajisikiaje? Kwa nini hutaki shule? Tueleze. Pale bandani yeye ndiye aliyepewa kazi ya kumsemea mwingine, farasi asiye na mdomo isipokuwa wa binti yangu.

Mwezeshaji aliliona hilo upesi, nami nampa sifa yake. Akaanza kumtaka aandike ubaoni anachopenda Bramble na asichopenda. Baadaye amweleze mtoto mdogo aliyekuja kwa mara ya kwanza. Halafu likaja swali ambalo mimi nisingelifikiria: Bramble angepelekwa shuleni kwako, angefanyaje? Binti yangu akajibu kwamba darasani angevumilia, lakini ukumbi wa chakula angeukimbia. Kelele, sahani, watu wanapita nyuma yako usiwaone. Mpaka siku hiyo tuliweka kila kitu kwenye msiba wa bibi. Msiba upo, bado analia, lakini kilichokuwa kikimrudisha nyumbani kila asubuhi ni ile nusu saa ya mchana. Shule ikamruhusu kula maktabani pamoja na rafiki mmoja. Alianza kwenda siku tatu kwa wiki, sasa anaenda zote, ingawa Jumatatu bado ni ya kubembelezana.

Yale maneno ya vipeperushini, "farasi ni kioo cha nafsi", mimi siyakubali. Farasi ni mnyama anayewindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia, na maisha yake yote ni kupima nani wa kuogopwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex waliwaonyesha farasi picha za nyuso za watu. Zile za hasira walizitazama zaidi kwa jicho la kushoto, na mapigo ya moyo yakapanda haraka zaidi. Basi mtoto akija amekaza mabega na kubana pumzi, farasi huinua kichwa na kusogea kando. Mtoto akishusha pumzi, naye hutulia. Hakuna uchawi hapo, lakini ni jibu lisilo na lawama wala "pole sana" ndani yake. Na tuseme kweli, tafiti nyingi za huduma hizi zimefanywa kwa watoto wachache, na binti yangu katikati ya safari alipata pia zamu yake ya CAMHS. Siwezi kumpa Bramble sifa zote.

Nyota ya tano imepotelea hapa. Bramble alipochechemea wakambadilishia farasi mwingine bila kutuarifu, na mtoto aliyefiwa akakuta banda tupu. Alirudi garini amekuwa bubu upya, ikachukua wiki kadhaa kumrudisha. Simu moja tu ingetosha. Ripoti waliyoiandikia shule ingeweza kuwa ya mtoto yeyote, sentensi za kunakili. Ukiahirisha chini ya saa 48 unalipa nzima, hata mtoto akiwa na homa. Na Jumamosi hakuna basi la kufika kule, kwa hiyo asiye na gari aongeze nauli ya teksi.

Kwa wenzangu Waislamu: hijabu haina shida. Ifungwe kwa nyuma, ncha zichomekwe ndani, na chini ya helmeti kitambaa chepesi cha pamba ndicho kinachokaa vizuri. Shambani kuna mbwa wawili, ombeni mapema wafungwe. Chukua nguo za kubadilisha kwa ajili ya adhuhuri, kwa sababu atatoka na mavi mpaka magotini.

Kabla ya kulipa, uliza mwezeshaji amesomea nini. Humu Uingereza mtu yeyote anaweza kujiita mshauri nasaha, jina hilo halilindwi na sheria kama lilivyolindwa la mtaalamu wa fiziotherapia. Omba kuona cheti cha DBS cha rekodi ya jinai, na bima. Mimi niliuliza pia farasi mmoja hufanya kazi saa ngapi kwa siku. Aliyechoka huuma.

Kwa asiyemudu bei, vikundi vya Riding for the Disabled vina gharama nafuu kwa mtoto mwenye ulemavu, na shirika la The Donkey Sanctuary, lile lile lililofungua kituo cha punda Lamu mwaka 1987, huku hutumia punda kwa kazi inayofanana na hii. Kaka yangu hilo hakuliamini mpaka nilipomtumia picha.

Sisi tumeacha vipindi vya kulipia tangu Pasaka. Binti huenda Jumamosi asubuhi kusaidia kufagia mabanda na kugawa nyasi, halipwi nami silipi. Sasa anadai kupanda. Nimemwambia angoje kiangazi, maana kupanda kuna bei yake nyingine.