Uzoefu wangu na nyimbo sita za kwanza za Syd Barrett

Watu wengi wanamjua Syd Barrett kwa mkasa wake tu: kijana aliyeiongoza Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, mwanzoni, akili ikamchafuka, akaondoka kwenye bendi Aprili 1968, akarudi kwao Cambridge na kuishi kimya huko mpaka alipofariki Julai 2006. Nami nilikuwa nikimsikiliza hivyohivyo, kwa huruma. Nyimbo sita alizorekodi na wenzake kabla hawajajulikana zimenibadilisha. Humo yumo kijana mchangamfu, mwenye kiherehere cha muziki, anayejaribu sauti za watu wengine huku akiitafuta yake.

Rekodi zenyewe zilitolewa Novemba 2015, kwenye santuri mbili ndogo za toleo dogo, kwa jina la 1965: Their First Recordings. Zilitoka mwaka huo kwa sababu ya hakimiliki. Ulaya ilirefusha ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, lakini rekodi ambayo haijatolewa miaka 50 ikapita haiupati ulinzi huo wa ziada. Kwa hiyo kilichokuwa kimefungiwa ghalani ikabidi kitolewe. Kabla ya hapo mashabiki walikuwa wakipeana nakala chakavu za nyimbo mbili tu, "Lucy Leave" na "I'm a King Bee", zenye mikwaruzo kiasi kwamba besi unaibahatisha. Zilizotoka rasmi ni safi mno. Nimezisikiliza kwa spika kubwa na kwa hedifoni, na kila chombo kinasikika mahali pake.

Anayetaka kununua awe mwangalifu hapa. Nyimbo hizi zimo kwenye kasha kubwa la The Early Years la 2016, kwenye juzuu ya kwanza iitwayo Cambridge St/ation, ambayo tangu 2017 inauzwa peke yake. Ule mkusanyo mfupi wa CD mbili uitwao Cre/ation, ambao ni rahisi kuupata, hauna hata wimbo mmoja kati ya hizi sita. Wenyewe unaanzia 1967. Santuri za 2015 ziachie wakusanyaji, bei zake hazishikiki.

Bendi ya wakati ule ilikuwa ya watu watano. Roger Waters alipiga besi, Nick Mason dramu, Richard Wright kinanda, na hawa watatu walikutana wakisomea usanifu majengo London. Barrett aliimba na kupiga gita, akisoma uchoraji katika chuo cha sanaa cha Camberwell, London. Wa tano ni Bob Klose, mpiga solo, ambaye kwa ujuzi wa gita aliwazidi wote. Mason anakumbuka kwamba waliingia studio ya West Hampstead kuelekea Krismasi ya 1964, ingawa jina la toleo linasema 1965, kwa msaada wa rafiki wa Wright aliyefanya kazi pale na kuwaachia bure saa ambazo studio haikuwa na wateja.

"I'm a King Bee" ni wimbo wa Slim Harpo, mwanamuziki wa bluzi wa Marekani, ambao Rolling Stones nao walikuwa wameurekodi 1964, na Barrett anauimba kama mtu aliyemsikiliza mwimbaji wao Mick Jagger mpaka usiku wa manane. Umepigwa vizuri, ila hauna jipya. "Double O Bo" umenikaa zaidi. Ni mzaha wa kuwachanganya Bo Diddley, mpiga gita wa Marekani, na James Bond, jasusi 007 wa sinema. Mdundo wa Bo Diddley ni ndugu wa klavu, mdundo wa Kicuba, uleule unaotembea ndani ya rumba, kwa hiyo msikilizaji aliyelelewa na muziki wa dansi atajikuta anapiga makofi mahali panapostahili bila kuambiwa. Kwenye "Remember Me" Barrett anakaza koo mpaka linakwaruza. Si sauti yake, na inachosha. "Walk with Me Sydney", alioutunga Waters, ni kichekesho cha mabishano kati ya Barrett na Juliette Gale, mke wa Wright, kuhusu maradhi yanayomzuia mtu kwenda matembezini. Nausikiliza mara mojamoja.

Sasa "Lucy Leave" na "Butterfly". Kwa ajili ya hizi mbili ningelipa bei ya juzuu nzima. "Lucy Leave" unakwenda kwa mikato: gita linasimama, linaruka, linarudi, na maneno yanabanwa kwenye nafasi ambazo mtunzi wa bluzi asingeyaweka. "Butterfly" unamfananisha msichana na kipepeo anayewindwa. Ni wimbo mtamu wenye kitu cha kutisha chini yake, na hapo ndipo ninapomtambua yule atakayekuja kutunga "Arnold Layne", singo ya kwanza ya Pink Floyd. Lafudhi ya Kimarekani inaanza kumwacha. Anaimba kama kijana wa Cambridge.

Klose aliondoka katikati ya 1965, na mimi naamini, kwa kuzisikiliza rekodi hizi, kwamba Pink Floyd tunayoijua ilizaliwa siku hiyo. Solo zake ni za mtu anayejua sheria za bluzi na kuzifuata. Alipokwenda, gita lote likabaki kwa Barrett, ambaye hakuwa na ujuzi ule wa vidole, akalazimika kutafuta njia nyingine: mwangwi wa mashine, chuma kikiteleza juu ya nyuzi, kelele zinazogeuka wimbo. Kufikia Agosti 1967, albamu ya The Piper at the Gates of Dawn ilipotoka, bluzi ilikuwa imebaki kwenye jina la bendi tu, lile Barrett alilolitoa kwa wanamuziki wa bluzi Pink Anderson na Floyd Council.

CD ya kwanza ya Cambridge St/ation, yenye nyimbo hizi sita, inaendelea mpaka "Vegetable Man" na "Scream Thy Last Scream", nyimbo za nusu ya pili ya 1967 ambazo hazikuwahi kutolewa rasmi mpaka 2016. Ni nzito, na ukizisikia mara tu baada ya "Double O Bo" zinauma, maana umbali kati yao hauzidi miaka mitatu. CD ya pili ina onyesho la Stockholm la Septemba 1967, ambalo bendi inawaka moto lakini sauti za waimbaji karibu hazisikiki, na vipande virefu bila maneno walivyomrekodia msanii John Latham. Hivyo ni vya mashabiki wenye subira.

Kwa anayeanza, ningesema sikiliza "Lucy Leave", halafu "Butterfly", kisha ruka moja kwa moja mpaka "Arnold Layne", wimbo wa saba kwenye CD ya kwanza. Nyingine utazirudia ukishapenda.