Abalone: mchezo mtamu, mpangilio wa mwanzo ndio unaouchosha

Nimeucheza Abalone, mchezo wa ubao wa watu wawili kusukumana gololi, vya kutosha kusema hivi: ukipanga gololi kama kijikaratasi cha boksini kinavyoelekeza, utauonja nusu tu.

Ubao wake una pembe sita na vishimo 61. Kila mchezaji ana gololi 14, nyeusi huanza, na anayetoa nje sita za mwenzake ndiye mshindi. Kwa zamu moja unasogeza gololi moja, mbili au tatu zilizopangana, hatua moja tu, ama kwa kufuatana kama behewa za treni, ama kwa ubavu kwenda vishimo vilivyo wazi. Raha iko kidoleni: unasukuma ya nyuma, na msururu mzima unadondokea vishimo vya mbele kwa mlio mmoja.

Kusukuma ndiko kunakowachanganya wageni. Lazima uzidi idadi kwenye mstari: mbili kwa moja, tatu kwa moja, au tatu kwa mbili. Tatu kwa tatu haziendi popote, na kuongeza ya nne nyuma hakusaidii, maana zinazohesabika ni tatu tu. Kwa ubavu husukumi kitu. Halafu kuna hili la kujizibia: mgongoni mwa gololi ya mpinzani umesahau ya kwako. Hapo pasipo na kishimo kitupu au ukingo, husukumi.

Sasa lawama yangu. Mpangilio wa kawaida ni safu ya gololi tano, safu ya gololi sita, kisha gololi tatu katikati ya safu inayofuata, kila upande kwake. Wachezaji wawili waangalifu hukumbatiana katikati ya ubao, na anayetoka kushambulia ndiye anayevunjika. Mnaweza kusogeza mbele na nyuma hadi usingizi uwashike.

Dawa yake ni Ua la Ubelgiji: kila mmoja anatengeneza maua mawili ya gololi saba (moja katikati, sita zikiizunguka) kwenye pembe mbili zinazotazamana kupitia katikati ya ubao. Rangi mbili zinakuwa jirani tangu mwanzo, na vita haisubiri. Unachogombania kwanza ni kuunganisha maua yako kupitia katikati. Atakayekatwa vipande viwili atakuwa anapigwa ukingoni.

Ukinunua nakala ya bei nafuu, kagua kina cha vishimo. Vikiwa vifupi, kusukuma tatu kwa mbili hurusha gololi pembeni, na mnaanza kubishana ilikuwa wapi.