Kituo cha mazoezi tulichompeleka mama baada ya korona na kiharusi, nakipa nyota nne

Naandika kwa wenye mgonjwa aliyepata kiharusi akiwa anaumwa korona au mafua makali, maana sisi tulihangaika sana na hakuna aliyetuambia kwamba mgonjwa wa namna hii mazoezi yake hayafanani na ya wengine.

Mama alianza kikohozi na homa Julai 2021, lile wimbi la tatu, siku ya tisa asubuhi tukakuta mdomo umepinda na mkono wa kulia umelegea kabisa, jirani akasema huo ni upepo mbaya achuliwe mafuta, tukachua mpaka mchana. Kuna dawa ya kuyeyusha bonge la damu lakini mwisho wake ni masaa manne na nusu toka dalili zianze, sisi tumefika hospitali masaa tisa yameshapita. Inaniuma mpaka leo. Sitiskani, ile picha ya ndani ya kichwa, ikaonyesha mshipa mkubwa wa upande wa kushoto wa ubongo umeziba.

Daktari akatueleza kwamba kirusi kikiingia kinga ya mwili inapandisha moto kupita kiasi, mishipa inavimba kwa ndani, damu inaganda hovyo. Influenza, yale mafua makali, nayo inaweza, ila korona imezidi. Baadae nikasoma kuhusu hospitali mbili za New York mwaka 2020, kati ya wagonjwa 1,916 wa korona, 31 walipata kiharusi cha damu kuganda, kati ya 1,486 wa influenza waliopata ni 3 tu. Na kwenye utafiti mwingine wa mji huohuo wenye kiharusi na korona kwa pamoja walifariki zaidi ya nusu, wakati wenye kiharusi bila korona kipindi hichohicho hawakufika hata mmoja kwa kumi. Niliposoma hivyo nilikaa kimya muda mrefu, nikamuangalia mama.

Sasa mazoezi. Kituo cha kwanza (jina naliacha) walimchukulia kama mgonjwa yeyote wa kupooza, simama, shika bomba, tembea, dakika 40 mfululizo, jasho linamtiririka, midomo inabadilika rangi na kijana anasema mama mvivu huyu. Siku ya tatu akazimia. Siku zote hizo hakuna aliyemuwekea hata kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni!

Ndo tukahamia hiki cha Tegeta, Dar. Dada wa fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, kafika, "Shikamoo mama", akakaa chini, kipimo kidoleni kabla ya kitu chochote, ikasoma 91, chini ya kawaida, na mama hajafanya kazi yoyote. Akamwambia, "Mama yangu leo hatusimami, leo tunavuta pumzi tu." Wiki mbili nzima ikawa ni kupumua, kupuliza mrija kwenye chupa ya maji, kukaa ukingoni mwa kitanda bila kushikwa, kugeuka, basi. Kila baada ya muda anaangalia namba, ikishuka anamlaza apumzike, hagombi. Na akampa maji kijiko kimojakimoja aone kama yanampalia, yakampalia kweli, akatukataza kumlisha uji akiwa amelala kwa sababu ukiingia njia ya hewa mapafu ambayo bado hayajapona yanapata nimonia. Hospitali tulipewa karatasi ya dawa, hilo la uji hatukuambiwa na tulikuwa tunamlisha hivyohivyo kila siku.

Wiki ya tatu ndo akasimama. Mwezi wa saba wa mazoezi akawa anatoka chumbani mpaka barazani na fimbo. Vidole vya kulia bado havifunguki vizuri.

Bei wakati wetu kituoni ilikuwa elfu 25 kwa siku, wakija nyumbani elfu 40, bima yetu haikulipa hata shilingi kwa hiyo mjipange, sisi tulikuwa tunachanga ndugu wanne.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu hawana mtu wa kufundisha kuongea, na mama maneno ndo yalipotea zaidi, tukawa tunamfundisha wenyewe na picha za vitu vya jikoni, sufuria, mwiko, kikombe. Halafu mlangoni kuna ngazi tatu na hakuna pa kupitisha kiti cha magurudumu, mwende wanaume wawili wa kubeba. Jumamosi panajaa, piga simu Alhamisi.