Nyuzi za kupambia krosheti: nilizipenda sana, mpaka ule mwekundu ulipochuja

Jamani nilisema nipoe kwanza ndio niandike. Sijapoa, acha niandike hivyohivyo.

Majuzi kati hapo nilinunua seti ya nyuzi za pamba za rangi rangi, zile zinazouzwa maalum kwa ajili ya kudarizi juu ya kazi ya krosheti ambayo umeshaimaliza, na unapewa na video za mafunzo. Nilizinunua kwa sababu moja tu, mdogo wangu alikuwa anakaribia kujifungua na mimi nilishamfumia mtoto blanketi jeupe pe, mishono mifupi mwanzo mwisho, mishono 120 kila mstari, na wanaofuma wanajua mshono mfupi unavyokula muda na vidole. Likawa zuri lakini limepooza. Kubadilisha rangi katikati ya kazi sikutaka kabisa, maana kwenye jeupe ule uzi unaoubeba ndani ya mishono unachungulia, halafu unabaki na ncha kibao za kuficha. Kupamba juu baada ya kumaliza ndio njia yenyewe, na hapo bado nasimama.

Na niseme haki, mafunzo yao ni mazuri, tena mazuri sana. Nimefuma miaka na miaka lakini mnyororo wa juu ya kitambaa nilikuwa naukosea siku zote. Uzi unakaa chini ya kitambaa, kulabu inakaa juu, unachomoa kitanzi, unaenda tundu linalofuata unachomoa kingine unakipitisha ndani ya kile cha kwanza, basi, unachora mstari popote unapotaka, uwe wa kunyooka, wa kupinda au hata jina la mtoto. Kosa langu lilikuwa kuvuta. Ukivuta, kitambaa kinajikunyata kama kimetiwa lastiki. Yule mwalimu akasema chukua kulabu kubwa kidogo kuliko ile uliyofumia na ulegeze mkono, nikajaribu, kikatulia flati! Akafundisha na misalaba, yaani mishono miwili inayokatizana, kwamba mshono mfupi unakaribia kuwa mraba kwa hiyo kila mshono unauhesabu kama kiboksi kimoja, ila mkono wa juu wa kila msalaba ulalie upande uleule, vinginevyo kazi inaonekana chafu hata kama rangi ni nzuri. Hiyo peke yake ningeipa nyota tano.

Basi nikaweka maua pembeni mwa blanketi pande zote. Kila ua petali tano nyekundu, kila petali kitanzi kimoja kilichobanwa nchani, katikati kifundo cha njano, uzi unauzungusha mara mbili kwenye sindano ndio unaushusha, na majani ya kijani. Sindano butu ya kushonea sufu, sio ya ncha kali, maana kali inapasua uzi badala ya kupita kwenye tundu. Usiku nikimaliza ua moja nalitandaza kitandani naliangalia. Nilifurahi jamani, nilifurahi mno.

Halafu nikalifua, kwa sababu kitu cha mtoto mchanga lazima kifuliwe. Maji baridi, mkono, sabuni laini, blanketi peke yake kwenye beseni. Sijamaliza hata kulibonyeza mara tatu maji yakawa pinki. Nimelitoa haraka nimelisuuza nimesuuza tena, wapi. Kijani kimetulia, njano imetulia, ni ule mwekundu tu. Nikasema nifumue maua labda yatatoka, nikakaa na mkasi mdogo nafumua moja moja, na chini ya kila ua, petali zote tano zilikuwa zimejichora kwenye jeupe, pinki, kama kivuli. Ua limetoka na umbo lake limebaki. Hapo ndipo nililia.

Nikawaandikia wauzaji. Jibu: "Mpenzi, nyuzi zetu hazichuji, utakuwa umefua na nguo nyingine." Nikamwambia yule muuzaji, dada angu, blanketi lilikuwa peke yake, nikatuma picha ya maji, ya blanketi, ya uzi. Akanijibu niloweke kwenye siki. Siki! Siki ina kazi yake kwenye sufu na hariri, rangi zake nyingi zinashikwa na asidi, huu ni uzi wa pamba na wao wenyewe wameandika pamba kwenye lebo. Uzi wa pamba ukichuja hivi mara nyingi ni rangi ya ziada haikusuuzwa vizuri ulipotiwa rangi, na hilo halinihusu mimi na beseni langu. Nikamweleza kwa adabu zote. Akasoma, akanyamaza mpaka leo.

Najua mtu atasema ungepima kwanza, na kweli, lowesha kipande cha uzi, kibane kwenye kitambaa cheupe, kiache mpaka kikauke uone, hasa nyekundu na bluu iliyoiva. Nilianza kuandika hapa nikiwa na nia ya kuwapa nyota tatu kwa ajili ya mafunzo. Lakini lebo imeandikwa haichuji, sasa nipime nini wakati nimeshaambiwa? Na kumwambia mteja amedanganya kuhusu beseni lake mwenyewe? Hapana, nyota moja. Hizo rangi nyingine ni nzuri, sikatai, ila mwekundu wao usiuguse kwenye kitu cheupe, na kama umeshaununua uloweke peke yake kwanza, usuuze mpaka maji yatoke meupe.

Mdogo wangu nilipomwonyesha akasema, "Dada mbona liko sawa tu, lete." Ananipoza, namjua. Sikumpa.

Mwekundu uliobaki ninao na lebo yake, namba ya mkupuo wa rangi (yaani nyuzi zilizotiwa rangi pamoja) inasomeka, nimeshawatumia, waangalie stoo kwao kama kuna mwingine wa namba hiyo wautoe kabla haujamfikia mtu. Mtoto keshazaliwa. Analala na blanketi la dukani.